Kinyago Hiki Kimepita Mikono Gani? Namna ya kukusanya sanaa ya watu, ya kale na ya leo

Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam wakaondoka na vitu kadhaa, kikiwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris, kikaingia katika makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva. Hakikuwa kinyago cha bandia. Kilikuwa halisi, kilikuwa cha zamani, na kilinunuliwa na watu wanaozijua kazi za Kiafrika. Kilichokosekana ni jibu la swali moja tu: kilitokaje Tanzania? Majadiliano ya kukirudisha yalichukua miaka mingi, Baraza la Kimataifa la Makumbusho likisaidia, na kinyago kilikabidhiwa kwa Tanzania Mei 2010.

Anayeanza kukusanya sanaa ya watu huuliza mambo mawili: je, hiki ni cha zamani, na je, ni cha kweli? Maswali hayo ni ya haki, lakini huchanganywa kana kwamba ni swali moja, na huachwa yalivyo bila kuunganishwa na la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote: nani alikitengeneza, alikitengeneza kwa kazi gani, na kilitoka mikononi mwake kwa njia ipi. Mtu asiyeuliza hilo la tatu atadanganywa kwenye yale mawili ya kwanza, na siku moja anaweza kujikuta anahifadhi mali ya wizi sebuleni.

Tuanze na Wamakonde, kwa sababu ndiko mkanganyiko ulikojaa. Kuna mapiko, vinyago vya kuvaliwa ngomani, vya Wamakonde wa uwanda wa Mueda kaskazini mwa Msumbiji na wenzao wa upande huu wa mto Ruvuma, Tanzania. Mchezaji hukivaa na kukicheza kwa nguvu, kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi. Vingi vimebandikwa nywele halisi, na chale za usoni zimeumbwa kwa nta ya nyuki. Halafu kuna vinyago vyeusi vya mpingo ambavyo dunia nzima inavijua. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Sasa fikiria mtu anayekuuzia kinyago cha uso cha mpingo, kizito kama jiwe la kusagia, akikuapia kwamba babu yake alikicheza jandoni. Shingo gani ingekibeba usiku kucha? Kinyago hicho kilichongwa kitundikwe ukutani. Si kosa kukinunua kama kimekupendeza, ila bei yake iwe ya kitu cha ukutani.

Tena hizo kazi za mpingo zina historia yake, na historia hiyo ina tarehe. Wamakonde waliovuka Ruvuma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na baadaye kuhamia Dar es Salaam walianza kuchonga kwa ajili ya soko la mjini. Katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa, aliyekuwa akiuza kazi zake kwa mfanyabiashara Mohamed Peera, alianzisha mtindo wa shetani: viumbe wenye viungo vilivyopinda, jicho moja, mdomo uliopasuka, miili yenye matundu. Mtindo wa ujamaa, ule wa mnara wa watu waliobebana na kushikana kutoka chini hadi juu, nao ni wa katikati ya karne ya 20. Basi ukiambiwa mnara wa ujamaa una miaka mia na hamsini, huna haja ya kuupima wala kuugeuza. Hauwezi kuwa na umri huo. Lakini haina maana ni wa bandia. Ni sanaa ya kisasa ya Kiafrika, iliyozaliwa mbele ya macho ya watu ambao baadhi yao bado wako hai, na kwangu mimi mnara mzuri wa miaka ya 1960 wenye jina la mchongaji una uzito kuliko vinyago kumi "vya kale" visivyo na mwenyewe.

Ukambani nako ni hivyo hivyo. Inakubalika kwamba uchongaji wa kuuza wa Wamunyu, mji mdogo wa huko, ulianzia kwa Mutisya Munge, aliyechukuliwa vitani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kujifunza kwa wachongaji wa Kizaramo pwani ya Tanganyika. Alirudi nyumbani na ujuzi huo, na kutoka kwake ukasambaa hadi vyama vya ushirika vya wachongaji vya Mombasa na Nairobi. Kwa hiyo hata twiga na kifaru ambavyo watu huvidharau kama "vya watalii" vina ukoo wa zaidi ya miaka mia moja.

Mbali na vitu vya ngomani na vile vilivyochongwa kwa ajili ya soko, kuna aina ya tatu, nayo ndiyo yenye hatari: kitu kipya kilichotengenezwa kwa makusudi kionekane cha kale. Hapa mbinu ni nyingi. Huzikwa ardhini kwa majuma, hutundikwa juu ya moshi wa jiko, huloweshwa kwenye chai au kahawa, hupigwa kwa mnyororo. Mti wa bei rahisi hupakwa rangi ya viatu ukaitwa mpingo. Ili kuutambua, pima uzito mkononi kwanza. Kisha angalia chini ya kitako, mahali ambapo fundi hakujisumbua kung'arisha: mpingo una kiini cheusi hadi ndani, na mbao yake ya nje, iliyo chini ya gome, ina rangi ya manjano iliyopauka. Mti uliopakwa rangi utaonyesha weupe kwenye ufa au kwenye kona iliyokwaruzwa, na kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo kitatoka na weusi.

Uchakavu wa kweli una akili yake: hutokea mahali ambapo mwili wa mtu umegusa. Chukua kibao cha mbuzi kilichokuna nazi kwa miaka thelathini. Makalio yamelainisha katikati ya kikalio, na upande mmoja zaidi ya mwingine kwa sababu mkunaji ana mazoea ya kukaa. Mbao iliyo chini ya meno ya chuma imekolea tui. Chuma chenyewe kimepungua kwa kunolewa. Lakini nakshi za pembeni, ambazo hakuna aliyezigusa, bado zina kingo kali. Kibao kilichochakazwa na muuzaji kitakuwa kimechakaa kote sawasawa, hadi kwenye vifundo vya nakshi ambako hakuna mkono uliowahi kufika. Fikiria hivyo hivyo kwa mwana hiti wa Kizaramo, yule mtoto wa mti anayepewa mwali akiwa ndani: alishikwa, akapakwa mafuta, akatunzwa, kwa hiyo ulaini wake uko kiunoni na kichwani, mahali pa kushikia. Kwa kinyago cha kuchezwa, tazama ndani kabla ya kutazama uso. Jasho la paji la uso huacha doa, na matundu ya kufungia nguo ukingoni huwa yamepanuka.

Haya yote bado hayatoshi bila swali la tatu, na ushahidi ni Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akauza picha zake Oysterbay karibu na duka la Morogoro Stores. Alitumia rangi za mafuta za kupaka baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za dari. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu aliyekuwa akitoroka. Miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi na ndugu zake, akina Ajaba Abdalla Mtalia, Kasper Henrik Tedo, January Linda, Adeusi Mandu na Simon Mpata, waliendeleza, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Leo maelfu ya picha zinachorwa kwa mtindo huo, na nyingi ni nzuri.

Tatizo huja pale jina la mwanzilishi linapotiwa kwenye kazi ambayo si yake. Picha ya turubai au kitambaa yenye sahihi ya E. S. Tingatinga ikutie shaka hapo hapo, kwa kuwa yeye alichorea mbao. Lakini hata mbao ya zamani yenye rangi ya zamani haithibitishi mchoraji, maana wanafunzi wake walitumia mbao hizo hizo na rangi hizo hizo miaka hiyo hiyo. Kinachoweza kuthibitisha ni njia: familia iliyonunua Dar es Salaam mwaka fulani, picha ya sebule yao ambamo mchoro unaonekana ukutani, barua iliyoutaja. Bila njia hiyo, nunua picha kwa sababu unaipenda na ulipe bei ya picha, usilipe bei ya jina. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwenda kwa mchoraji aliye hai, anunue kwake, amwombe aandike nyuma ya picha jina lake kamili, mahali, mwaka na kisa alichokichora. Wachoraji wengi wa Tingatinga wana visa vya kueleza, vya kijijini, vya uganga, vya hospitali na magari ya abiria, na dukani visa hivyo hupotea kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ningeshauri mtu mwenye fedha kidogo aanze na kanga. Sijui kitu kingine katika mwambao huu chenye sanaa nyingi kwa gharama ndogo hivyo, na ambacho chenyewe hubeba ushahidi wa umri wake. Angalia pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake). Kanga za mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa na jina. Maandishi yalipoingia, mengi yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kirumi zikashika nafasi. Pembeni tafuta alama ya mfanyabiashara: "K.H.E. Mali ya Abdulla" ni ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, na wanawake wa pwani wameitafuta alama hiyo kwa vizazi. Kabla ya viwanda vya huku kushika kasi, kanga zilipigwa chapa Ulaya, India na Japani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968, kwa hiyo kanga yenye alama yake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kanga za kumbukumbu ndizo rahisi kabisa: kanga ya msiba wa Mwalimu Nyerere ni ya 1999 au baada yake, na ile ya "Hongera Barack Obama" haina haja ya kuelezwa.

Hata hivyo, michoro hurudiwa. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, imepigwa chapa tena na tena kwa muda mrefu, na bado inauzwa. Muundo peke yake hautoshi kuipa umri. Tazama kitambaa, alama na maandishi. Thamani ya kukusanya iko kwenye doti nzima ambayo haijakatwa, yenye dondo lake (wanga wa kitambaa kipya), haijapindwa wala kufuliwa. Doti kama hizo ni adimu kwa sababu kanga hununuliwa ivaliwe, na mama anayenunua huikata siku hiyo hiyo. Lakini nisingedharau kanga iliyovaliwa ikiwa mwenyewe anaweza kukuambia alipewa na nani na kwa nini alipewa yenye jina lile. Kanga hutumwa kusema jambo. Ukiandika jambo hilo pamoja na jina la aliyelisema, umehifadhi nusu ya kanga ambayo kitambaa hakiwezi kuihifadhi. Muulize nyanya yako, somo yako, shangazi yako. Wengi wana sanduku.

Mikeka, makawa, vipeto na vikapu havina bahati ya kanga, kwa sababu havidumu. Ukili wa ukindu au wa miyaa huliwa na wadudu, rangi hupauka, na mkeka uliochoka hutupwa. Ndiyo maana mkusanyiko wa ususi karibu wote ni wa leo, na hilo si upungufu: ni nafasi ya kumjua msusi. Vikapu vya Iringa vya milulu, vyondo vya Ukambani, makawa ya rangi ya Pemba, kila kimoja kina mkono unaotambulika na wenzake kijijini hata kama mnunuzi wa mjini haoni tofauti. Koroboi za makopo ya maziwa na magari ya waya ya watoto ni sanaa ya watu kamili, na yanatoweka haraka kuliko vinyago kwa sababu hakuna anayeona vya kuhifadhi. Kwa sanamu za mawe laini za Tabaka, Kisii, uliza kama rangi ni ya jiwe lenyewe au ya dukani: jiwe hilo lina weupe, uwaridi na hata kijivu chake, na nyekundu kali au buluu imepakwa.

Kuna vitu ambavyo havikusanywi. Vigango vya Wamijikenda ni vya kwanza. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, ili roho yake itulie na kuilinda jamaa. Familia ikihama boma, kigango hubaki pale kiliposimamishwa, hakihamishwi. Wafanyabiashara wakaona nguzo zimesimama porini peke yake wakazihesabu kuwa zimetelekezwa. Tangu miaka ya 1970 mamia ya vigango yaling'olewa pwani ya Kenya, mengi na vijana waliolipwa fedha ndogo, yakaishia Marekani katika nyumba za matajiri na makumbusho. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwenye boma moja la Kigiriama vilitambuliwa na watafiti kwa kuwa vilikuwa vimepigwa picha vikiwa bado vimesimama. Kimoja kilikuwa makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine chuo kikuu cha Hampton. Vilirudi mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo yalirudisha thelathini. Wakati huo wote familia zilikuwa zikieleza ukame na vifo vyao kwa kutoweka kwa vigango hivyo. Ukikuta kigango dukani, hakuna bei ya haki ya kukinunua. Wapigie Makumbusho ya Taifa.

Pembe za ndovu ni za pili. Viti vya enzi vya Lamu vilivyotiwa njumu ya pembe na mfupa ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za mafundi wa Kiswahili, lakini biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989 na kuvusha kipande hata kidogo ni hatari ya kweli. Magamba ya kasa ng'amba vivyo hivyo. Mpingo haukukatazwa, ila tangu Januari 2017 uko katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, pamoja na jamii yake yote, na mwaka 2019 iliafikiwa kwamba kazi zilizokamilika zisizozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja ziachiwe. Kwa mzigo mkubwa zaidi, tafuta kibali mapema.

La tatu ni milango. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kila mlango wa mbao au fremu iliyonakshiwa kabla ya 1940, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Zanzibar ina sheria zake, na Kenya ina sheria yake ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Mlango wa kale uliong'olewa Mji Mkongwe umeacha shimo kwenye nyumba na kwenye mtaa, na mfaa wake, ile nguzo ya katikati, hauna maana kwenye ukuta wa mgahawa ng'ambo. Anayeupenda mlango wa Kiswahili ana njia iliyo safi na yenye furaha zaidi: aende kwa fundi Unguja au Lamu, achague nakshi, achague mbao, mbambakofi au mfenesi au msaji kadiri ya mfuko wake, na aagize. Atapata kitu kipya ambacho kila hatua yake anaijua, na fundi atapata kazi ya kumfunzia mwanafunzi.

Kwa hivyo kila kitu unachoingiza nyumbani kiwe na ukurasa wake daftarini. Andika jina la fundi kama anavyojiita, kijiji, tarehe, mbao au uzi uliotumika, kazi ya kitu, bei uliyolipa, na aliyekuuzia. Kama ulinunua kwa mtu wa kati, mfano kwenye soko la Mwenge la Dar es Salaam au Maasai Market ya Nairobi, andika hilo pia bila aibu, na muulize anayeuza kama anaweza kukuunganisha na mchongaji. Mara nyingi yuko nyuma ya banda hapo hapo. Piga picha ya kitu pande zote, na ya fundi akikubali. Usibandike karatasi ya gundi kwenye kitu chenyewe. Namba ndogo ya penseli chini inatosha.

Matunzo hayana siri kubwa. Usikisugue kinyago cha kale wala kukipaka vanishi. Ule moshi na jasho ndiyo kumbukumbu yake. Ukiona unga laini chini ya sanamu, imebunguliwa na wadudu: itenge, na kama ni ndogo, kavu na haina rangi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukaigandishe kwenye friza kwa wiki mbili. Mpingo hupasuka kwenye hewa kavu, kwa hiyo uwe mbali na kiyoyozi, na walioko Ulaya wauweke mbali na vipasha joto vya majira ya baridi. Kanga zivingirishwe kwenye bomba lililofunikwa kitambaa cheupe, gizani, si kwenye fremu inayotazama dirisha.

Wapo waliofanya haya kwetu kabla yetu. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya kazi za sanaa, nguo, vitabu na stempu za Afrika kwa maisha yake yote, na mwaka 1972 akashiriki na Mmarekani Alan Donovan kuanzisha African Heritage, jumba la sanaa za Kiafrika, jijini Nairobi. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na makusanyo, akitarajia pawe taasisi ya utafiti. Haikuwa hivyo, na nyumba ilikuja kubomolewa. Makusanyo yalinusurika, na leo yanaonekana Nyaraka za Taifa na Nairobi Gallery. Wewe huna haja ya kuwa Murumbi, lakini una warithi. Waambie daftari liko wapi, na uandike ndani yake mapema kipi kigawiwe, kipi kipelekwe makumbusho, na kipi ungependa kirudi kijijini kilikotoka.